Ukurasa wa Majaribio wa Kwaya ya Lizaboni

Sitaki kuwaficha, jamani: mpaka leo nikiwaona wanakwaya wa mtaa wa Lizaboni wanakuja upande wangu navuka barabara, maana aibu niliyojipaka mbele yao haijatoka.

Ilikuwa miaka ile intaneti ndiyo kwanza inaingia Songea, nami nilikuwa nimerudi mjini baada ya kuzurura sana (shule niliiacha mapema, lakini kitu chochote chenye vitufe lazima nikibonyeze). Dada Leokadia, mwenye duka la intaneti, akanionea huruma. "Kwaya yetu inataka tovuti, watu wa mbali wajue kanda zake," akasema. "Itengeneze. Jumapili baada ya misa nawaleta kuiona. Wakiridhika, kiti cha kuhudumia wateja hapa ni chako." Kiti! Mimi ambaye sijawahi kudumu kwenye kazi hata jina langu likakaririwa.

Basi nikaanza kuchagua vifaa, na kichwa kikaanza kuzunguka. Kulikuwa na programu ya maneno matupu, ambayo alama zote za kuuambia ukurasa "hapa weka picha, hapa koza maandishi" unaziandika mwenyewe, na kulikuwa na nyingine unayopanga ukurasa kama kadi ya harusi, alama inaziandika yenyewe. Ipi bora? Nikauliza watu wawili, nikapata majibu matatu, nikazijaribu zote na nikachanganyikiwa zaidi. Rafiki yangu Saidi, Myao wa Nalasi aliyeleta korosho mjini, alikuwa amekaa pembeni, na kwa kuwa maneno ya kwaya yalikuwa hayajaletwa, nikamwambia aandike chochote chini ya picha yao tuone yatakavyokaa. Mnajua tena Myao akipewa nafasi ya kuwaandika watani zake Wangoni! Akaandika: "Hawa hawaimbi, wanaita panya watoke shimoni. Yule mzee wa nyuma ameachama kabisa, chakula cha jioni kisimpite." Nilicheka mpaka machozi. Programu ikauhifadhi ukurasa ule kwa jina la index. Maneno ya kweli yalipofika nikatengeneza ukurasa mwingine, safi, ndani ya folda ileile, nikauita kwaya.

Kupandisha kurasa kwenye intaneti nako kulikuwa na njia mbili, kutuma faili mojamoja ukichagua kwa mkono, au programu inayobeba folda nzima kwa mkupuo. Laini ya simu ilikuwa inakatika hovyo, nikaona mkupuo ndio ujanja. Sikujua (nani angeniambia?) kwamba mtu akifungua anwani ya tovuti, kinachotangulia kutokea ni index. Folda ikamaliza kupanda, laini ikakatika kabla sijatazama, nikajisemea, itakuwa sawa tu.

Jumapili wakajaa dukani na sare zao. Nikaandika anwani kwa mbwembwe, picha ikashuka polepole, vichwa, mabega, wakapiga vigelegele. Kisha yakaja maneno. Mzee Komba, mwenyekiti wao na mwimbaji wa besi, akavaa miwani akayasoma kwa sauti, yote, mpaka "ameachama kabisa". Mwenye kuachama pale nyuma alikuwa yeye.

Nikabonyeza huku na huku nipate ule ukurasa mwingine. Laini ikakatika. Maneno yakabaki yanatutazama.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, Mzee, shikamoo," Saidi akasema kutoka mlangoni. "Natokea Nalasi."

"Marahaba. Myao?"

"Myao kabisa, Mzee. Na mdomo umeuona mwenyewe."

Duka likalipuka kwa kicheko, na Mzee Komba akacheka kuliko wote, maana mtani hakasirikiwi. Nami nikacheka, nikidhani nimepona. Akanigeukia.

"Wewe ni Mngoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mtani ametutukana, ni haki yake. Wewe umeyabeba ukayapeleka duniani kwa haki ipi?"

Akatoa hukumu: mtani alipe kosa kwa kazi, akae palepale mpaka tovuti isafishwe. "Umesikia, Leokadia? Mkalishe kwenye kiti." Saidi akakalishwa, akafuta index, akaupa ukurasa safi jina lile, na kiti hakukiachia tena. Korosho zilizobaki niliziuza mimi.

Siku hizi ukurasa wa majaribio nauandika "moja mbili tatu" tu, na Saidi akisogea kutazama, nazima skrini.