Picha Niliyopigwa Tarakea

Siku moja ya gulio, lile soko la kila wiki, pale Tarakea huku kwetu mlimani, naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Imenijia zaidi Desemba hii, nilipowaona mmepanda kutoka Dar na simu zenu, mnapigana picha kwenye maporomoko, kisha mnazifuta zote kwa kuwa eti mmetoka vibaya. Mmoja wenu alikaribia kulia. Nilicheka, msinichukie, lakini moyo ulikuwa umesharudi mbali.

Nilikuwa binti, nimepata nafasi ya chuo cha ualimu Tanga. Bibi yangu aliyenilea alikuwa anaishiwa nguvu, na wote wawili tulijua huenda nisimkute nikirudi, ingawa hakuna aliyelisema. Aliniomba kitu kimoja tu, nimwachie picha. Enzi hizo mpiga picha alikuja na gulio. Anatundika shuka ukutani, unapigwa leo, picha unaichukua gulio linalofuata.

Basi nikaenda kwa mbwembwe zote. Nikaazima miwani ya jua, nikaazima na mkoba, nikakaza shingo na kubana midomo. Nilijiona malkia kweli kweli! Siku ya kuichukua picha tulipitia gulioni tukitoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo ukiwa kichwani kwangu. Bibi akaisogeza picha karibu na macho, akaitazama weee.

"Nani huyu?" akauliza. "Mbona kama amekamatwa?"

Jamani, niliumia. Na kesho yake alfajiri ndiyo nilikuwa nasafiri. Bibi hakunipa hata nafasi ya kununa, akamwambia mpiga picha anipige nyingine hapo hapo. Yule bwana akayaangalia majani.

"Lakini bibi, si ulisema picha ya safari? Atapigwaje na majani?"

"Na hiyo shingo yake unafikiri ilinyooshwa na nini?"

Bibi akaniacha nisimame na mzigo wangu mpaka mabega yakashuka yenyewe na pumzi ikatulia, kama nilivyosimama kila siku nikisubiri mlango wa zizi ufunguliwe. Kisha akautua taratibu, akaniambia nisisogee. Mikono ikawa haijui pa kwenda, basi akanipa kanga yake niishike. Akaenda kusimama nyuma ya mpiga picha.

"Usimwangalie huyu, niangalie mimi. Hebu nieleze yule ndama alivyokuburuta."

Ndama huyo aliniburuta kwenye matope mbele ya wageni wa posa wa dada yangu. Sikufika hata nusu ya hadithi, nikaangua kicheko, na Bibi naye akacheka mpaka akajishika kiuno. Kamera ikalia.

Nilisafiri kabla picha haijasafishwa. Bibi alifariki nikiwa Tanga, na habari ilinifikia akiwa ameshazikwa. Niliporudi nikamuuliza mama, aliyemuuguza Bibi, picha iko wapi. Akaniambia Bibi alikuwa akilala nayo, akimwonyesha kila aliyeingia kumjulia hali, "Huyu ndiye mjukuu wangu, hucheka hivi hivi." Akaomba azikwe nayo, nao wakamwekea kifuani. Kwa hiyo mimi sijawahi kuiona picha ile, hata mara moja. Nililia sana siku ile.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukifika mahali pa kupigwa picha, usikimbilie kusimama. Tembea kidogo, pumua, mabega yashuke. Vaa nguo uliyoizoea, viatu vya kuazima vinaonekana hata usoni. Shika kitu, kikombe cha chai au hata kofia yako. Mlima ukijifunika mawingu usisononeke, ndiyo tabia yake. Kamera iache ifanye kazi yake, wewe mtazame mtu unayempenda na mpige soga. Na kabla hujaifuta picha kwa sababu ya pua au meno, fikiri kwanza. Wewe unatafuta kasoro, lakini kuna mtu nyumbani anayekutafuta wewe, na huenda hiyo ndiyo atakayobaki nayo.

Mungu akutangulie kila barabara utakayopita, mwanangu, akupe uso mkunjufu ugenini, na akurudishe salama wanaokupenda wakiwa bado hai.