Ndege Iliponyamaza Juu ya Shamba Letu

Kosa la wengi wetu ni hili: ndege ya jeshi ya mazoezi ikinyamaza angani, tunaendelea kulima.

Tumezoea. Wanafunzi wa urubani hufundishwa kupunguza moteri, yaani injini, na kushuka kimya, kisha ndege inanguruma tena.

Asubuhi hii, shambani nje ya mji wa Elisabethville, ilinyamaza. Niliinua kichwa.

"Baba Yozefu, lima," mke wangu akanicheka. "Muzungu naye iko anajifunza."

Kikasikika kishindo. Tukadhani wachoma makaa wameangusha mti, tukamaliza tuta.

Ngurumo haikurudi.

Tulipokwenda kutazama, tulimkuta rubani ndani ya ndege iliyoanguka nyuma ya kichuguu, bado anapumua. Alikufa tukimfungua mikanda.

Tungeenda mara moja, angepona? Ninyi mnaonaje?

Kuanzia leo, ndege ikinyamaza, weka jembe chini uende ukaangalie.