Litaje Jina la Baba Mkwe

Kaa hapa karibu nami, mwanangu. Wewe ni mke wa Gwamaka wangu, lakini leo sisemi nawe kama mama mkwe. Kuna siku moja ya usichana wangu ambayo haijawahi kunitoka. Tulikuwa tunaanika kokoa uani kwetu Ikolo, mama anageuza mbegu kwa mkono, mimi nachambua maganda, tukamwona dada yangu Atupele anakuja kutoka kwa mumewe. Alikuwa ameshikilia kanga mdomoni. Alipoiondoa, meno mawili ya mbele hayakuwepo.

Mama aliangua kilio. Mimi nikamshika dada mkono nikampeleka polisi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na simwogopi mtu. Tulitembea mpaka kituoni, damu ikikaukia kwenye kanga. Askari tuliyemkuta hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alimpa dada kiti, akachukua kalamu.

"Nani kakupiga?"

"Mume wangu."

"Majina yake kamili. Lake, la baba yake na la ukoo."

Dada akataja la kwanza, akanyamaza. Wewe unajua kwa nini, ingawa wasichana wa mjini wakisikia watacheka. Mke wa Kinyakyusa aliyelelewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta jingine. Askari alikuwa mgeni huku kwetu, akauliza tena. Dada akainamisha kichwa, akajifunika mdomo kwa kanga ileile yenye damu.

"Yaani hulijui jina la baba yake?" askari akashangaa.

Mimi nilikuwa nalijua. Mkwe wa dada hakuwa mkwe wangu, mwiko ule haukunihusu, ningeweza kulitaja. Nilinyamaza. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: sikunyamaza kwa woga, nilinyamaza kwa fahari. Nilisema moyoni, tazama dada yangu alivyo na adabu, kang'olewa meno na bado anamheshimu mkwewe. Upumbavu gani ule! Mpaka leo nikiukumbuka najichukia.

Askari akaweka kalamu chini. "Nendeni mkamlete anayejua majina, nitaandika." Tukamshukuru, ndaga, ndaga, kama watu waliopewa kitu. Hatukurudi. Jioni mumewe alikuja na jogoo na maneno matamu, wazee wakala jogoo, dada akarudishwa.

Mpunga wa mwaka ule ulikuwa haujavunwa tulipomzika Atupele. Walisema ameteleza shambani akaangukia jembe. Polisi walifika, wakauliza kama kuna taarifa yoyote iliyowahi kuandikwa juu ya mume yule. Hapakuwa na hata mstari mmoja, na yeye akabaki kwake. Makaburini mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu: aliolewa na fulani, mwana wa Angetile. Alilisoma kwa sauti, juu ya jeneza la dada yangu, na hakuna aliyejifunika mdomo. Nilipiga yowe mpaka wakanishika. Angetile! Ona, nimelitaja na ulimi wangu uko palepale.

Sasa wewe. Asubuhi hii umekuja kunisalimu umejitanda kitambaa mpaka jichoni, ukasema umejigonga kwenye mlango wa jikoni. Mwanangu, jikoni kwenu hakuna mlango, kuna pazia.

Gwamaka nimemzaa mimi, nikamnyonyesha, nikambeba mgongoni katika majaruba ya mpunga. Nampenda, na leo namwonea aibu. Lakini kukuzika wewe siwezi.

Basi nisikilize. Kupigwa si jambo la kumalizwa kwa jogoo. Sheria ya ndoa ya nchi hii imesema wazi kwamba si mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na wale ng'ombe tuliopeleka kwenu hawakununua ngozi yako. Usifue hilo gauni, ni ushahidi. Twende polisi, kuna dawati la jinsia na watoto, watakupa fomu ya PF3 uende nayo hospitali. Daktari ataandika unachomwambia na anachokiona, kwa hiyo usimtajie mlango. Wakikuambia mkayamalize nyumbani, usiinuke kwenye benchi, omba kumwona mkubwa wao, na akishindwa tutakwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kama utataka kuachana naye, hilo lina njia yake, baraza la usuluhishi kwanza, halafu mahakama, na huko yatasemwa ya watoto na ya lile shamba la kokoa mlilopanda pamoja. Usije ukatoka na begi la nguo tu. Lakini hayo yatakuja. Leo ni polisi, na nitakuwa nawe. Wakitaka shahidi, nitasema nilichokiona kwenye uso wako, hata kama anayeshtakiwa ni wa tumbo langu.

Watakuuliza majina kamili ya mumeo. Najua utakwama. Tangu uolewe sijakusikia ukilitamka jina la baba mkwe wako, hata ibadani tukiimba kwa lugha yetu, neno la kubariki likifika unafumba mdomo. Mimi mwenyewe nilimwita Baba Gwamaka mpaka tulipomzika. Leo mimi mjane wake nakuruhusu. Asajile. Maana yake ni amebariki, na Mungu alifanye liwe kweli kwako na kwa watoto wako, upone, uzeeke, meno yako yote yakiwa kinywani. Litamke pale mbele ya askari, aliandike.

Na ukikwama, mwanangu, safari hii nitalitaja mimi.