Potasiamu Iliyochambuliwa

Jumatano, Julai. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kuuma vidole. Jua limetoka mchana na halikukaa.

Nina hasira, ingawa sijui kama nina haki yote. Niliishia la saba. Mimi ni nani nibishane na mwalimu wa kemia? Lakini nimebishana.

Binti yangu wa kidato cha pili aliagizwa mfano wa atomu. Akatengeneza potasiamu juu ya ungo wangu. Katikati mahindi, ndizo protoni, na karanga, ndizo nyutroni. Kuzunguka akachora miduara minne kwa mkaa, akabandika maharage kwa uji mzito: mawili, manane, manane, na nje kabisa moja. Hayo ndiyo elektroni. Juzi akauacha barazani ukauke, akaenda shule.

Wifi yangu akafika kutoka Maposeni, hakukuta mtu. Niliporudi kutoka shamba mahindi yalikuwa kando, maharage kando, karanga zimekaangwa.

"Wifi, siku hizi mnachanganya nafaka kama za kuku? Nimekuchambulia."

Simlaumu. Mwanamke wa huku akiona ungo umechanganyika hapiti hivi hivi. Hata mimi ningechambua.

Jana mwalimu akampa mtoto sifuri. "Kila mwaka kuna kazi iliyoliwa na mbuzi. Yako imeliwa na shangazi?" Darasa zima likacheka. Akarudi akisema sayansi basi, ataacha. Sifuri ningeimeza, kicheko hicho siwezi.

Leo nimekwenda shuleni na nafaka kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikuja kuomba alama, mwalimu. Mwite apange hapa mezani. Akikosea, naondoka."

Akasema ana vipindi. Kweli, kemia ya shule nzima ni yake peke yake. Ila muda wa kumcheka mtoto aliupata.

Binti akapanga.

"Hili moja mbona umelitenga?"

"Mzunguko wa tatu umeshapata nane, mwalimu. Hili limeanza wa nne. Liko mbali na katikati, ndiyo maana potasiamu huliachia upesi."

Akampa nusu ya alama, kwa kuchelewa. Sawa, kuchelewa ni kuchelewa. "Na kile kicheko?" nikauliza.

"Nilikosea, mama."

"Mwambie yeye."

Akamwambia, kwa sauti ya chini, ofisini. Kudhihaki, mbele ya darasa. Radhi, mlango umefungwa! Labda nadai mno. Sidhani.

Njiani binti akasema kemia haachi, ila kesho hataki kukaa mbele.

Jioni tumekula ugali, dagaa wa Nyasa na majani ya maboga. Wifi amemsogezea binti bakuli la dagaa, naye akalipokea.