Bibi Aliyekuwa Kwenye Televisheni

Kwenye basi la Northfield, huko ughaibuni, mbele yangu waliketi Wakenya wawili, wahudumu wa nyumba ya wazee. Mmoja alikuwa akisugua beji yake kwa kidole gumba.

"Yule nyanya Mmarekani, kila siku anasema zamani aliigiza jukwaani na kwenye TV. Kila shift naandika kwa faili: amechanganyikiwa."

"Si ndiyo kazi?"

"Juzi mpwa wake alileta albamu ya picha. Dada, ni yeye jukwaani, kila ukurasa. Nikamwomba msamaha. Akafunga albamu, akanipigapiga mkono. 'Hapana, mpenzi. Nilikuwa nimechanganyikiwa tu.'"

"Ukaandika nini?"

"Meneja alimsikia, ndiye aliandika: 'Anaendelea vizuri.'"

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anaendelea vizuri, hujiuliza amekubali kusahau nini.