Piko la dada yangu na boksi la juu ya paa

Joto la kaskazi mwaka ule lilikuwa la kuyeyusha vitasa vya milango. Nikizidisha, nimezidisha kidogo tu. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe imebanwa na nyumba nyingine tatu, na dirisha la chumba cha mama linatazamana na nyumba ya wageni, karibu hivi kwamba mtalii akipiga chafya kule, sisi huku tunajifuta uso. Dirisha hilo lilikuwa limefungwa wiki nzima, kwa sababu ndani ya chumba alikuwamo mwari: dada yangu mdogo, aliyekuwa akiolewa jioni ile. Pumzi yote ya chumba ilitegemea AC moja kongwe, ambayo marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika hotelini. Mashine ile, kwa umri wake, ilistahili kuamkiwa shikamoo.

Saa nne asubuhi ikaacha kutoa baridi.

Wakati huo mchoraji wa piko, mama mmoja mashuhuri kutoka Bwejuu mwenye mkono usiotetemeka na ulimi usiopumzika, alikuwa ameshamaliza maua ya mkono wa kulia. Piko ni wino mweusi wenye mistari myembamba kama unywele, na halina masikilizano na jasho. Dada akaanza kulowa. Waridi likawa kabichi, kabichi likawa doa. Yule mama akafuta kazi yake yote kwa kitambaa, akaweka kijiti chini. Gari ya kumpeleka Nungwi kwa bibi harusi mwingine ilikuwa inakuja saa nane, na piko linataka kama saa nzima kukauka.

"Mimi sichori juu ya ukuta unaovuja," alimwambia mama. "Ikifika saa nane na mwanao hajapoa, nnakwenda zangu."

Wanawake wa nyumbani wakaleta feni, ikalichukua joto la kona hii ikalipeleka kona ile. Kumtoa mwari nje mchana kweupe, apite vichochoroni kwenda kutafuta ubaridi nyumba nyingine, halikuwa jambo la hata kutajwa. Na kumtoa kwa wakweze mikono mitupu, kwetu sisi, afadhali usimtoe: wanawake wa upande wa bwana harusi hutazama mikono kwanza, uso baadaye. Mama alikaa kwenye ngazi ameshika shavu. Dada naye alikuwa analia, jambo lililozidisha maji.

Hapo ndipo nilipojitokeza mimi. Mchana nauza vitambaa dukani, lakini nilikuwa nimemaliza skuli ya usiku, mafunzo ya umeme na majokofu, miezi mitatu kabla. Cheti changu nilikitia fremu kubwa kuliko picha ya harusi ya wazazi wangu. Nikasimama nje ya pazia la chumba, nikasema kwa sauti ya daktari bingwa kwamba wasiwe na wasiwasi, nakwenda kuiangalia.

"Fundi wa skuli ya usiku?" sauti ya mchoraji ikatoka ndani. "Basi tumzimieni taa aone vizuri."

Wanawake walicheka mpaka vumbi la chokaa likadondoka darini. Nami nilicheka. Kusema kweli nilikuwa na furaha isiyo na adabu kwa siku kama ile. Kuna vijana wanaoota kuitwa uwanjani dakika ya mwisho wafunge bao. Mimi ndoto yangu ilikuwa AC ya nyumbani iharibike watu wakiwepo.

Nikapanda juu ya paa la sakafu. Boksi la nje lilikuwa kwenye kona nyuma ya tangi la maji, limeupa mgongo ukuta, na kati yao nafasi ya shubiri moja. Feni yake ilizunguka. Kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, iliunguruma kidogo, kisha ka! ikajizima. Baada ya muda ikajaribu tena, ka! Nikatabasamu. Ugonjwa huu nilikuwa nimeujibia mtihani: kapasita, kile kikopo cha bati kinachoipiga kompresa teke la kuiamsha. Kwenye mashine za zamani ndicho kinachokufa kwanza.

Nikazima swichi kubwa chini, nikabandika karatasi juu yake asiguse mtu. Nikafungua boksi, nikakimaliza kikopo umeme uliobaki ndani kama tulivyofunzwa, nikakitazama. Kilikuwa kimevimba kidogo, au mimi nilitaka kivimbe. Nikatoka mbio hadi sokoni Darajani, mbio ambazo kama zingepimwa leo ningekuwa na medali, nikapata cha kipimo kilekile, nikarudi, nikafunga, nikawasha.

Ikaunguruma, ikaendelea. Chini nikasikia vigelegele. Nikashuka zile ngazi taratibu, kwa madaha, nikapokea pongezi za mama na glasi ya maji ya ukwaju. Mchoraji alikuwa ameshika kijiti tena. Sijaifikisha glasi nusu, juu kukalia ka!

Safari hii yule mama wa Bwejuu hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Dada aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Nikarudi juu bila bisibisi, na bila maneno. Nikajikumbusha alivyokuwa akitwambia mwalimu wetu, ambaye alifundisha akiwa amechoka na kazi ya mchana kama sisi: mashine ya nje haitengenezi baridi, kazi yake ni kulitupa joto la ndani, ikishindwa kulitupa, linaipanda kichwani na inajizima ili isife. Nikaweka kiganja mbele ya feni. Upepo ulikuwa wa moto kama wa tanuri la mikate, lakini dhaifu, pumzi ya mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Basi haukuwa umeme. Mashine ilikuwa haipati hewa ya kuvuta, na hewa huingilia mgongoni, pale penye ukuta, ambapo mimi na cheti changu hatukupatazama.

Kichwa hakikuenea kwenye ile nafasi. Nikapenyeza simu, nikapiga picha, nikaitoa.

Mgongo mzima wa boksi ulikuwa umevaa chandarua. Ndani ya chandarua kulijaa mawaridi, asumini na majani ya mrehani, vyote vimebanana bapa juu ya mashine kama plasta juu ya kidonda.

Nikashuka na picha yangu nikauliza chandarua kile ni cha nani. Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa akitengeneza singo, ule unga wa maua na manukato anaosuguliwa mwari mwili mzima. Aliitazama picha bila kushtuka.

"Naam, chandarua changu hicho. Kimefanya nini?"

"Kimeikaba pumzi AC, shangazi."

"Kimeikaba kwa lipi? Upepo ule unavuta kutwa kucha, hauna mwenyewe. Nikaweka maua, ukayashika wenyewe, yakakauka kivulini na harufu yake yote. Jua lingeyaua."

Na kwa haki yake, singo ile ilikuwa nzuri kupita zote zilizowahi kunuswa Unguja. Siku tatu alikausha mafungu matatu, na la mwisho akaliacha palepale liwe akiba. Maua yalikatikakatika, vumbi lake likapenya chandarua likaingia kwenye vile vibati vyembamba vya mashine vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Kwa marashi aliyokuwa akiyanyunyizia, likaganda humo kama uji.

Nikazima swichi upya. Nikang'oa chandarua, nikafungua kifuniko cha juu, nikaifunika sehemu ya umeme kwa mfuko wa plastiki, nikaanza kuosha kutoka ndani kwenda nje kwa mpira wa tangi, maji ya taratibu, kwani vibati vile ukivishindilia maji vinalala. Mgongoni ndipo paliponishinda: mkono wangu haukupita. Shangazi, aliyekuwa amepanda kunisimamia, akakunja buibui lake hadi kwenye kiwiko, akaomba mswaki mpya, akaupitisha mkono wake mwembamba pale kwenye shubiri moja na kusugua juu kwenda chini huku akiitukana mashine kwa uchoyo wa upepo. Maji mekundu yakatiririka kwenye mfereji wa paa, yakamwagikia kichochoroni kwa wazee waliokaa barazani. Mtaa mzima ukanukia. Mzee mmoja akapaza sauti kuuliza kama harusi imeshaanza, maana yeye ameshapakwa marashi na hajaalikwa.

Tukaiacha ichuruzike. Nikawasha.

Upepo uliotoka mbele ulinivua kofia, na kama si ukuta ingevuka hadi Bagamoyo. Sikushuka. Nilisimama pale juani nikihesabu dakika. Kumi zikapita. Kumi na mbili. Ishirini. Kompresa haikusema ka. Nikamshika shangazi mikono yote miwili iliyolowa, tukaruka kama watoto wa chekechea.

Niliposhuka ilikuwa saa saba kasorobo. Nyuma ya pazia, yule mama alikuwa akigusa shingo ya dada kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Kisha nikamsikia: "Haya, kaa. Msinisemeshe." Alichora kwa kasi ya cherehani, mkono wa kulia, wa kushoto, miguu yote miwili. Alipomaliza, ilikuwa imebaki robo saa kufika saa nane, na honi ya gari ya Nungwi ikalia mwisho wa kichochoro. Piko bado lilikuwa bichi.

Mama akamtazama. Sote tulijua kwamba mchoraji akishaondoka, mstari mmoja ukichafuka, hakuna mwingine wa kuutengeneza.

"Mwambieni dereva anywe kahawa," alisema, akavuta mkeka akakaa chini ya upepo.

Dereva alikunywa kahawa nyingi, nadhani pipa zima. Saa nane na nusu yule mama akachukua karatasi nyeupe laini, akaibandika juu ya ua kubwa kwenye kifundo cha mkono wa dada, akaikandamiza, akaiinua, akaigeuza upande wa taa. Akamwonyesha mama. Akamwonyesha shangazi. Kisha akatoa mkono nje ya pazia akanionyesha mimi. Karatasi ilikuwa tupu, haina hata nukta ya wino, na katika maisha yangu sijasoma kitu kizuri kama kile.