Isale la konani Vudee: panga halikuligusa, dawa ililiua

Wakuu, habari za kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, mniache niseme.

Haya yamenitokea mimi, si ya kuambiwa. Asiyeamini apande Vudee, kona ipo, akaitazame.

Nijitambulishe kidogo, asije mtu akaniletea dharau. Shule niliishia darasa la tatu. Kiingereza sina. Lakini Same mjini nina duka la vifaa vya ujenzi, na nina Fuso linalopanda mlima masika na kiangazi. Nilianzia kufyeka kando ya barabara, jua la Same linanichoma utosini, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo habari za vichaka vya barabarani msinifundishe.

Naandika kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi, mvumilie.

Sasa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike, Nakunda. Hakufikia hata kukaa. Homa ilimchukua tukiwa njiani kumpeleka hospitali kwa miguu, mama yake amembeba.

Tulimzika mwisho wa shamba la baba yangu, pembeni ya njia. Enzi hizo ilikuwa njia ya watu na punda. Simenti sikuwa nayo. Hata mbao za msalaba zilikuwa za kuomba. Nikaenda kwenye mpaka wa baba, nikakata tawi la isale, nikalichomeka kichwani kwa mwanangu.

Kwa wasio wa milimani: isale ni ule mmea wenye majani marefu yaliyochongoka, tunaupanda kwenye mipaka na makaburini. Isale halikatwi, labda uchukue tawi la kwenda kupanda. Ukilikuta limesimama unajua hapa pana neno, unazunguka. Mpare hata akiwa amelewa, panga lake linalikwepa.

Njia ikawa barabara. Barabara ikapanuliwa. Isale likajikuta ukingoni mwa kona, juu ya mtaro, ndani ya hifadhi ya barabara. Greda lilipopita, dereva alilizunguka mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Mungu akanijalia, nikapata. Nikamwambia mke wangu tulijengee lile kaburi, tuweke na vigae. Akakataa.

"Simenti haikui," aliniambia.

Alikuwa na maana yake. Yule mama alikuwa anamtazama mwanawe kwenye lile isale. Kila tukipanda kutoka Same, gari lazima lisimame pale konani. Anashuka, anaondoa majani makavu, anarudi kwenye gari.

"Amerefuka."

"Limerefuka," namsahihisha. "Isale limerefuka. Hata mimi wa darasa la tatu najua."

"Endesha gari, Baba Elia."

Siku nyingine atasema, "Huyu sasa angekuwa kaolewa, anakusumbua na wajukuu."

Elia ni mtoto wetu wa pili. Dunia nzima inamwita mke wangu Mama Elia. Pale konani tu ndipo alipokuwa Mama Nakunda.

Tuje kwenye dawa.

Masika iliyopita vichaka vilifunga kona zote. Ilikuwa hatari, sitadanganya. Bodaboda wawili waligongana uso kwa uso kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake. Kazi ya kusafisha akapewa kontrakta mmoja, naye akaajiri vijana wa kulekule mlimani. Msimamizi wao ni Elisante. Namjua tangu anatambaa, baba yake nilifyeka naye.

Nilipita nikawakuta na mafyekeo na mapanga. Nikasimamisha Fuso.

"Shikamoo, Baba Elia!"

"Marahaba. Elisante, lile pale unalijua?"

"Isale la dada Nakunda? Nani asiyelijua, Baba? Lile halikatwi. Hata huyu wa Chome anajua, na mnavyowajua watu wa Chome."

Wakacheka; Vudee na Chome ni watani. Yule wa Chome akamrushia donge la udongo.

Nikaondoka roho yangu imetulia.

Kumbe fyekeo lilikuwa linawachelewesha. Kichaka unakikata leo, mvua ikinyesha kinarudi na hasira. Kontrakta akaleta mabomba ya mgongoni na dawa ya kuua magugu. Wakajifunga vitambaa puani, wakapuliza kutoka chini hadi juu, kushoto na kulia.

Sisi tulikuwa Same. Hatukujua.

Tulipopanda tena, niliona barabara nzima imekuwa ya kahawia pande zote mbili, kama moto umepita bila kuacha majivu. Tulipokaribia kona mke wangu akagonga dashibodi kabla sijapunguza mwendo.

Isale lilikuwa limesimama bado. Majani yote yamening'inia, manjano, ukiyashika yanabaki mkononi. Shina ukilibonyeza, kidole kinazama kama kwenye ndizi iliyooza.

"Amekufa," alisema.

Sikumsahihisha.

Nikamfuata Elisante nyumbani kwao nimevimba. Nilitaka anidanganye ili nipate sababu ya kumpiga.

"Baba, hatukulikata," akasema. "Haki ya Mungu. Niliwaambia, mwenye panga apite mbali."

"Na mwenye bomba?"

Akaketi kizingitini. Nikamuuliza tena.

"Mwenye bomba nilikuwa mimi, Baba. Nilipuliza vichaka vilivyolizunguka, nilitaka pawe pasafi. Walituambia ni dawa ya magugu. Isale si gugu."

Wakuu, hapo sababu ya kumpiga ikaniponyoka. Kijana alisema kweli tupu. Alishika mila ya kwao neno kwa neno. Wazee wetu walituachia kwamba isale halikatwi. Hawakutuambia halipulizwi, kwa sababu hawakuwahi kuona kitu kinachoua bila makali. Na sisi kitu hicho tukakiita dawa, jina lilelile la kile tulichokuwa tunamkimbizia Nakunda hospitali.

Elisante akaanza kulia, mwanaume mwenye mke na watoto. Nikamwacha hapo, nikaenda zangu.

Haikuishia hapo.

Mvua zikaja. Mizizi yote ya ule ukingo ilikuwa imekufa, hapakuwa na cha kushika udongo. Ukingo ukaporomoka na isale lake, ukaziba mtaro. Greda likaja kuzoa. Safari hii dereva hakuwa na kitu cha kuzunguka.

Tulipofika, mke wangu alishuka akasimama. Akaenda mbele kidogo. Akarudi nyuma.

"Ni hapa?" akaniuliza. "Au ni pale?"

Mimi niliyelichimba lile kaburi kwa mikono yangu sikujua ni wapi.

Funzo langu ni hili. Sipingi dawa, mahindi yangu mwenyewe nayapigia. Lakini kona za mlimani waachieni wafyekaji. Nyuma ya fyekeo pana mtu anayechagua; dawa ikishatoka bombani haichagui. Ikibidi kupuliza, pitieni kwanza na wenyeji, mguu kwa mguu. Na wewe mwenye mpaka au kaburi lililoingia kwenye hifadhi ya barabara, usiwaambie "msikate" kama mimi. Waambie "msiue".

Fidia sitaki, asije mtu akanitajia fidia.

Ruksa kuchangia. Mwenye ujuzi wa hizi dawa aniambie udongo unakaa nazo hadi lini. Aliyewahi kupotelewa na kaburi namna hii naye aseme alifanyaje. Matusi sijibu.

Ila kabla hamjaanza, nimalizie.

Nilirudi kwenye mpaka wa baba, kwenye masale yaleyale nilikokata lile la kwanza. Nikachukua tawi, nikalipanda juu ya ukingo, mbali na mtaro, mahali ninapodhania.

Juzi tulipanda. Nikaona limetoa jani jipya, kijani kabisa. Nikasimamisha gari kabla hajagonga dashibodi. Akashuka, akalitazama, hakuligusa. Akarudi, akafunga mlango.

"Limechipua," akasema.

Miaka yote nimemsahihisha mama huyu. Siku aliyosema sawasawa, nilishindwa kuwasha gari.